Vikombe Vyenye Nyuso

Inspekta Selpher Ayuma alikuwa amechutama katikati ya majivu, akiokota vikombe kimoja kimoja na kumkabidhi Konstebo Bulle avipange juu ya gunia. Vilikuwa vikombe vizito vya udongo wa kuchomwa, kila kimoja kimefinyangwa kwa mfano wa uso: macho yamekodoka, meno yametoka nje, paji la uso limejaa mikunjo. Moto ulikuwa umevitia weusi na kuvipasua hapa na pale, lakini haukuvimaliza. Zilizokwisha ni sanamu za mbao. Zilibakiza misumari tu, na harufu.

"Hivi ndivyo watu wanaita mashetani?" Bulle aliuliza.

"Ndivyo. Vipange kama vilivyoanguka, usivichanganye."

Chumba kile kilikuwa nyuma ya nyumba ya Mzee Mativo Munyao, mtaani Donholm. Kilikuwa chumba kimoja cha mawe chenye mlango wa chuma, kilichojengwa kwa ajili ya mfanyakazi wa nyumbani. Mzee hakuwa na mfanyakazi. Alikuwa amefiwa na mke zamani, akaishi na binti yake Kaluki, na chumba hicho alikifanya makao ya vitu alivyovikusanya tangu ujana wake, sanamu na vikombe vya tiki.

Kwa watu wa Eastlands, upande ule wa jiji, neno hilo la tiki halikuwa na maana yoyote. Mzee alikuwa amelijua katika miaka ya sitini, alipokuwa mhudumu wa baa katika hoteli moja katikati ya jiji. Mwenye hoteli, Mzungu aliyewahi kukaa Marekani, alifungua baa ya tiki, mtindo uliopendwa sana huko wakati ule. Kuta zilikuwa za mianzi, dari la makuti, na kila pembe ilikuwa na sanamu ya mungu wa visiwa vya Pasifiki, iliyochongwa na watu ambao wengi wao hawakuwahi kukanyaga kisiwani. Wateja waliletewa pombe ndani ya vikombe vyenye nyuso, wakanywa wakijifanya wako Hawaii. Mtindo ulipochuja, hoteli iliivunja baa na kutupa vitu nje. Mativo, ambaye kwao Ukambani alikuwa amezaliwa katika ukoo wa wachongaji, hakuweza kuviona vikioza kwenye mvua. Akavibeba nyumbani.

Vilikaa huko miaka mingi bila kumsumbua mtu. Kisha wakaja watu wa televisheni.

Stesheni iliitwa Upeo, na kipindi kilipotoka kiliitwa "Nyumba ya Miungu". Ulikuwa mwaka wa 1995, na nchi nzima ilikuwa ikizungumza habari za ibada ya shetani, makanisani na magazetini. Watu wa mtaa walimwona jirani yao kwenye kioo, ameshika mshumaa gizani, sanamu zimemzunguka, ngoma zinalia. Kuanzia kesho yake salamu zilikatika. Mzee naye akaacha kwenda kanisani. Siku nzima alikuwa akijifungia katika chumba kile cha nyuma.

Jumamosi asubuhi chumba kikashika moto. Mzee alikuwa amekwenda sokoni Kariokor, lakini jirani yake, fundi wa nguo aliyeitwa Mama Wacera, hakujua. Alidhani Mzee yumo ndani, amefungiwa. Aliruka ukuta akashika kufuli kwa mikono yake akilivuta, na chuma kikamchoma viganja vyote viwili. Daktari hakutaka kusema kama vidole vile vingeshika sindano tena.

Jumapili Selpher alimkamata Patrobas Wakoli, kiongozi wa vijana wa kanisa la pale mtaani. Watu wasiopungua ishirini walikuwa wamemsikia akisema vitu vya Mativo vinafaa kuchomwa. Selpher alimtia pingu kwaya ikiwa imesimama mbele. Mkuu wa kituo alimsifu kwa kazi ya haraka, akaagiza Jumanne asubuhi kijana afikishwe mahakamani Makadara.

Sasa ilikuwa Jumatatu, na Selpher alikuwa amerudi na Bulle tu kutazama majivu, jambo ambalo angalipaswa kulifanya kabla ya kumkamata mtu.

Bulle alisukuma mlango uliopinda, akainama, akatoa kitu chini yake. Lilikuwa kufuli, limesawijika, bado limeshikana na pete zilizong'oka mlangoni. Selpher alilivuta. Halikufunguka.

"Limefungwa," alisema. "Na hii je?" Alimwonyesha galoni ya bati katikati ya chumba, mdomo wake wazi. Hata baada ya siku mbili ilinuka mafuta ya taa. Dirisha lilikuwa dogo, limezibwa kwa vyuma na wavu, galoni isingepita.

Bulle alifikiri. "Basi aliingia ndani, akamwaga, akatoka, akawasha kutoka mlangoni."

"Kisha akafunga kwa kufuli. Ukichoma nyumba ya mtu unakimbia. Huyu alifunga mlango kwanza."

"Alikuwa na ufunguo."

Selpher aliliweka kufuli chini. Alikuwa amegeuka kutazama vikombe juu ya gunia. Rafu ilikuwa imeungua na kuviangusha mstari mmoja kandokando ya ukuta, na Bulle alivipanga kwa mstari huo huo. Katikati palikuwa na pengo, nafasi ya kikombe kimoja. Alirudi pale ukutani, akachambua majivu kwa vidole. Hakupata hata kigae.

Katika seli ya kituo, Patrobas alikuwa bado na shati lake la kwaya, kola imechanika. Hakukanusha alichosema. Alisema alikiona kipindi na kuogopa, na mtu akiogopa husema mengi. Jumamosi asubuhi alikuwa amelala. Alifanya kazi zamu ya usiku katika kiwanda cha sabuni, na mtu aliyelala hana shahidi. Selpher alimuuliza kama aliwahi kuingia kwa Mzee Mativo.

"Sijawahi, madam. Nilimwona tu kwa TV."

"Chumba chake kinafungwa na nini?"

"Sijui. Kitasa?" Alimtazama Selpher akijaribu kubahatisha jibu analotaka. Kisha akainamisha kichwa. "Mama yangu alikuwa kwa ile kwaya, madam. Ungeniita nje, ningekuja."

Selpher alifunga mlango wa seli taratibu. Alisimama kidogo kwenye ujia kabla ya kurudi kwenye gari.

Mzee Mativo aliwapokea sebuleni. Alikuwa mtu mrefu, amevaa koti la suti ingawa hakuwa na safari, na alingoja wageni waketi ndipo akaketi. Televisheni ilikuwa pembeni, imefunikwa kitambaa cheupe kilichoshonwa kwa mkono. Kaluki alileta chai. Alikuwa karani wa kampuni ya bima mjini, msichana mwenye uso wa upole, na alisema ameomba ruhusa kazini ili asimwache baba yake peke yake. Aliweka trei mezani bila kuinua macho, akakaa karibu na mlango wa jikoni.

Selpher aliuliza habari za ufunguo. Mzee alisema ulipotea.

"Ulipotea lini, Mzee?"

"Siku nyingi."

"Na ulikuwa unaingiaje humo ndani kila siku?"

Mzee alikoroga chai yake, ambayo hakuwa ametia sukari. Alisema alikuwa akiacha wazi. Pengine Jumamosi mtu alifunga tu kwa kubana. Alisema hivyo akitazama sakafu. Akauliza ni nini kilichompeleka Kariokor. Viatu, Mzee alisema. Kulikuwa na viatu vya kuchukua kwa fundi.

Selpher alibadilisha njia. Aliuliza kama kuna mtu aliyewahi kutaka kuvinunua vikombe. Hapo Kaluki ndiye aliyejibu, tena kwa haraka. Alisema yule mtayarishaji wa kipindi, Mutie, alirudi wiki iliyopita. Kulikuwa na Mmarekani mmoja aliyetaka kikombe, na Mutie alitaka kumnunulia. Baba yake alimfukuza.

"Alikasirika?"

"Sana," Kaluki alisema. "Alisema atapata tu anachokitaka."

Ndani ya gari Bulle alisema mambo yamekaa sawa. Kikombe kimoja kimekosekana, mtu mmoja alikitaka, na moto unaficha wizi. Selpher alisema labda, akamwambia aelekee mjini.

Mutie alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, ndevu zake zimechongwa, na ofisi yake ilikuwa chumba kisicho na dirisha kilichojaa kanda. Aliposikia neno moto aliuliza kwanza kama Mzee ameumia. Selpher alimwambia aliyeumia ni jirani. Mutie alieleza mwenyewe kabla ya kuulizwa. Jumamosi alikuwa Nakuru na wenzake watatu, wakipiga picha za maonyesho ya kilimo. Dereva wa stesheni angethibitisha, na hoteli pia. Ni kweli alirudi kwa Mzee. Mmarekani mmoja anayeishi Gigiri alikuwa amekiona kipindi akapiga simu. Alisema Marekani sasa kuna watu, wengine vijana tu, wanaozunguka nchi nzima wakitafuta vitu kama hivyo, wanafungua tena baa za mianzi, wanaonyeshwa kwenye televisheni wakicheka na mashati yao ya maua.

"Wao wanacheka," Selpher alisema. "Huyu wetu mkampa mshumaa."

Mutie alipangapanga kanda mezani, Selpher akaendelea:

"Mmarekani alitaka kikombe gani?"

"Cha kijani, chenye mwezi kwenye paji. Alisema vimebaki vichache sana duniani."

Selpher alikikumbuka kikombe hicho. Alikuwa amekishika asubuhi kwa mikono yake. Kilikuwa juu ya gunia, kimepasuka taya. Mtu wa Mmarekani asingekiacha motoni akachukua kingine. Aliinuka kutaka kuondoka, kisha akarudi kuketi.

"Nionyeshe kanda."

Mutie alimwonyesha kipindi kama kilivyotangazwa. Chumba cheusi. Ngoma. Mshumaa unapita mbele ya sanamu moja baada ya nyingine, na katikati yake uso wa Mzee Mativo, uliomulikwa kutoka chini mpaka macho yakawa mashimo. Sauti ya mtangazaji iliuliza mzee huyu anaabudu nini, na majirani wanajua nini kuhusu nyumba hii. Mzee alionekana akisema sentensi moja: "Hawa nimekaa nao muda mrefu kuliko watu." Kisha giza.

"Sasa nionyeshe yote," Selpher alisema. "Mliyopiga, kabla ya kukata."

Mutie alisema ni ndefu. Selpher alivua saa yake akaiweka mezani.

Chumba kile kile kilikuwa na mwanga. Dirisha lilikuwa wazi na jua lilikuwa limejaa ndani. Mzee Mativo alikuwa akicheka. Alieleza jinsi alivyofundishwa kuchanganya vinywaji vya rangi tatu visivyochanganyika, jinsi Wazungu wenye vyeo walivyovua viatu na kucheza kwenye mchanga ulioletwa kwa lori kutoka Machakos na kuitwa ufuo. Alisema mke wake alimcheka kwa kubeba takataka za Wazungu, lakini akampa kitambaa cha kuzipangusia. "Hawa nimekaa nao muda mrefu kuliko watu," alisema, "nikijua kwamba hata hao waliowachonga walikuwa wanatania." Nusu ya pili ya sentensi ndiyo iliyokatwa.

Halafu sauti ya Mutie ilisikika nyuma ya kamera, kwa Kikamba kwanza, kwa adabu, kisha kwa Kiswahili. Aliomba pazia lifungwe kidogo. Akaomba mshumaa.

"Umeme umepotea?" Mzee aliuliza kwenye kanda.

"La, Mzee, ni kwa ajili ya picha tu. Itatoka vizuri."

Mzee alikwenda kutafuta mshumaa. Alirudi nao, ameuwasha, ameuzungushia kiganja usizimike, akasimama pale alipoambiwa.

Mutie aliyekuwa ameketi karibu na Selpher alinyoosha mkono kutaka kuisimamisha kanda. Selpher alimzuia.

Baada ya hapo walikuwa wamefungua pazia tena, na kamera ilikuwa ikipita kwenye rafu. Katikati ya mstari kulikuwa na kikombe kibaya kuliko vyote, kijivu, kimevunjika meno ya mbele, sikio moja limegandishwa kwa gundi. Mzee alikishusha akakigeuza mikononi.

"Hiki hakuna mtu anayeweza kukitaka," alisema. "Ni cha binti yangu. Mama yake alipofariki alikataa kula, alikataa kunywa, yuko mdogo hivi. Nikamwambia kwamba bwana huyu wa kikombe ana kiu sana lakini hana mkono, lazima amsaidie kunywa. Basi akawa anamnywesha, na akimnywesha maziwa yanaingia kinywani mwake mwenyewe. Alikaa nacho mpaka akaenda sekondari. Sikio alilivunja yeye." Alikirudisha mahali pake, akakisogeza kidogo kiwe sawa na vingine.

Selpher alivaa saa yake.

"Hii hukuitumia."

"Mkubwa wangu alisema hakuna mtu atakayekaa kumtazama mzee na vikombe," Mutie alisema. "Wiki hiyo magazeti yote yalikuwa na habari za shetani." Alizima televisheni. "Alitufungulia mlango kwa sababu nilimsalimia kwa lugha ya kwao. Alinikaribisha chakula. Tulikula."

Alikuwa akiitazama televisheni iliyozimwa. Selpher alimwacha hapo.

Walipofika tena Donholm jua lilikuwa limeanza kupoa. Mzee na binti yake walikuwa sebuleni pale pale. Selpher hakukaa. Alimuuliza Kaluki swali moja.

"Kikombe chako kiko wapi?"

Kaluki alimtazama baba yake. Mzee alifumba macho. Msichana aliinuka akaenda chumbani, akarudi na kitu kimefungwa kwa kitambaa cha kichwa, akakiweka mezani. Hakuna aliyekifungua.

Alieleza akiwa amesimama. Alikuwa amechumbiwa na kijana wa ukoo wa kina Nalianya, watu wa Bungoma, watu wa kanisa. Siku ya kuja kuzungumza na baba yake ilikuwa imepangwa. Kipindi kilipotoka, walituma ujumbe kwamba hawatakuja, na hawakusema watakuja lini. Kazini mtu alichora uso wenye meno akaubandika kwenye meza yake; wengine waliacha kunywa chai aliyoipika. Alimwomba baba yake avitupe vitu vile. Alimwomba mara nyingi. Mzee kila mara alisema atafikiri, kisha anakwenda kujifungia navyo.

"Niliona heri viwe vimeisha," alisema. "Watu wangeona vimeisha, wangetusahau. Nikamtuma Kariokor. Hakukuwa na viatu vyovyote, nilimdanganya. Nilichukua kile kimoja kwa sababu mkono ulikwenda wenyewe. Halafu nikafunga kwa kufuli mtu asije akaingia akaumia."

Alipolisema hilo la mwisho sauti yake ilikatika, kwa sababu wote watatu walijua kilichotokea kwenye kufuli lile. Selpher alimngoja.

"Na habari za Mutie kukasirika?"

"Hakukasirika. Aliomba msamaha akaondoka. Nilisema uwongo ili umtazame yeye."

Selpher alimgeukia Mzee Mativo. "Ulijua."

"Nilijua," Mzee alisema. "Nilirudi nikakuta watu wamejaa, chumba kinatoa moshi. Kwa fundi niliambiwa hakuna viatu, na nikaingia ndani nikakuta ufunguo umetundikwa msumarini, mahali pake. Nikauchukua nikautupa chooni."

"Na siku ya pili nikamkamata Patrobas, na wewe ukasikia."

"Nilisikia."

"Kesho angesimama kizimbani, Mzee. Kuchoma nyumba si kosa dogo. Na mama mwenye mikono ile angekuja kutoa ushahidi dhidi yake."

Mzee Mativo aliweka mikono juu ya magoti. Aliposema hakuwa akijitetea.

"Kenya nzima imeniona nimeshika mshumaa kama mchawi. Nilishika mwenyewe, hakuna aliyenilazimisha. Kijana aliniomba nami nikataka kumpendeza. Watoto wa hapa nje wananiita jina ambalo sitalitaja. Nikafikiri, wakijua sasa kwamba hata mtoto wangu mwenyewe ndiye aliyenichomea, nitaweka uso wangu wapi? Yule Patrobas alikuwa amenitukana kanisani. Nikasema moyoni, acha wamshike. Nilisema hivyo, Inspekta. Nikala chakula, nikalala."

Kaluki alikuwa akilia bila sauti. Mzee alimwomba Selpher aandike kwamba ni yeye Mativo aliyewasha moto. Vitu vilikuwa vyake, chumba chake. Selpher alikataa. Alisema amekwisha kumfunga mtu mmoja asiye na hatia katika kesi hii, na hangemfunga wa pili. Kisha alitoka nje akamwambia Bulle atangulie na gari kituoni.

"Mtoe Patrobas sasa hivi. Mwambie anisubiri. Nitamrudisha mimi mwenyewe kwa mama yake, na nitazungumza na mama yake mimi mwenyewe."

"Na hawa utawaleta na nini?"

Alikuwa hajafikiri hilo. Nyuma yake Mzee Mativo alikuwa ametoka, koti limefungwa vifungo vyote. Alisema kama Inspekta anaruhusu, wangependa kutembea. Kituo hakikuwa mbali. Na kabla ya kituo kulikuwa na nyumba moja ya kupitia.

Mama Wacera alikuwa ameketi kwenye ngazi za mlango wake, mikono imefungwa bendeji nyeupe, imelala mapajani kama vitu vya mtu mwingine. Cherehani yake ilikuwa imefunikwa. Kaluki alipiga magoti kwenye saruji. Alisema yote, bila kuacha kitu, mpaka lile la kufuli. Mama Wacera alimsikiliza mpaka mwisho. Alimtazama Mzee, akamtazama tena msichana.

"Nilidhani baba yako yumo," alisema.

Kaluki alikaa pale chini mpaka baba yake alipomshika bega.

Walitoka kwenye barabara ya mtaa wakati watu wanarudi kutoka kazini. Selpher aliwaacha watangulie, akabaki nyuma kidogo. Wanawake waliokuwa wakichagua mboga za sukuma kwenye kibanda walinyamaza walipowaona, na watu wawili waliokuwa wakija mbele walivuka upande wa pili. Mzee Mativo alikuwa akiwatazama wote, mmoja mmoja, na kuwasalimia. Wachache walijibu.

Karibu na duka la mkate mwanamume mmoja, mzee wa kanisa aliyekuwa hajazungumza naye tangu kipindi kitoke, alimuuliza kwa sauti ya kutaka kujua tu kama ni kweli polisi wamempata aliyechoma.

Mzee Mativo alisimama. Watu wa dukani walitoa vichwa.

"Wamempata," alisema. "Hakuwa yule kijana. Aliyechoma ni Kaluki, binti yangu, huyu hapa. Mimi nilijua tangu Jumamosi, nikanyamaza. Sasa tunakwenda kumtoa mtoto wa watu."

Kaluki alikuwa ameinamisha kichwa mpaka kidevu kimegusa kifua. Baba yake alimwambia kitu kwa Kikamba, polepole, na Selpher hakukielewa. Msichana aliinua uso. Ulikuwa umelowa machozi, na watu wote pale dukani waliuona.

"Twende," Mzee alisema, akampa mkono wake aushike.